Uliza Fundi: Mpini Mpya kwa Wembe wa Kukunja

Toleo lililopita tuliongelea kunoa wembe wa kukunja, ule wa kizamani wa kunyolea ndevu, basi meseji zilizokuja nyingi wala hazikuhusu kunoa, zilihusu mpini. Watu wana nyembe za mababu zimelala kabatini mpini umepasuka, au wamenunua wembe mzuri wa mtumba umevaa plastiki mbaya. Kwa hiyo safari hii ukurasa wote ni mpini tu.

Ili tusipotezane kwenye majina: mpini wa wembe huu ni vibao viwili vyembamba. Mbele kuna pini inayopita kwenye mkia wa wembe, wembe unazungukia hapo. Nyuma kabisa, katikati ya vibao, kunakaa kabari ndogo nayo ina pini yake. Basi, ni hivyo vitu vitano tu ila kila kimoja kina kazi yake.

Shikamoo fundi. Mimi seremala, niko Morogoro. Babu kaacha wembe wa Solingen, Ujerumani, mpini wake ni kama plastiki ya rangi ya asali na umeanza kupasuka, afu wembe umeshika kutu sehemu ile tu inayolala ndani ya mpini, mkia uko safi kabisa. Nina vipande vya mpingo nataka kutumia. Vibao viwe na unene gani? Nilishajaribu vya mninga, wembe ukifunga unalalia upande mmoja na makali yanagusa ubao.

Marahaba. Asante kwa kuitaja hiyo kutu na mahali ilipo, maana ndo imetoa jibu. Hiyo plastiki nina uhakika mkubwa ni seluloidi, ilianza kutengenezwa kiwandani Marekani miaka ya 1870 kwa nitroselulosi na kafuri, na watengeneza nyembe wa Solingen na wa Sheffield kule Uingereza wakaipenda kwa sababu inaigizwa ikafanana na pembe au gamba la kasa ng'amba kwa bei ndogo. Shida yake ikizeeka inaoza yenyewe, inatoa hewa yenye asidi, na hiyo hewa ndo imekula chuma palepale kinapolala. Usingoje, itoe leo, na usiiweke boksi moja na nyembe zingine zitaanza kutu nazo. Halafu seluloidi inashika moto haraka mno kwa hiyo usiikate kwa grenda wala kuisogeza karibu na jiko.

Kuitoa: funga makali kwa selotepu ngumu mara kadhaa, chukua tupa ndogo usugue kichwa cha pini ya mbele mpaka kiishe, kisha isukume itoke upande wa pili kwa msumari mwembamba uliokatwa ncha. Kutu isugue kwa msasa laini na mafuta, kwa mkono, taratibu. Mashine inapasha moto chuma na ukiona tu kimegeuka rangi ya njano iliyokolea au bluu ujue ugumu umeondoka hapo, na haurudi.

Mpingo sasa. Umechagua vizuri mno, ni mzito hata kwenye maji unazama, haunywi maji ovyo na unang'aa bila vanishi. Ila chagua kile cheusi cha moyoni, ile sehemu ya nje yenye rangi ya maziwa wadudu wanaipenda. Pasua vipande vya milimita 5 hivi, urefu sentimita 16 au 17, vipange na vijiti katikati hewa ipite, kivulini, na ncha zipake nta au rangi zisipasuke. Pima kwa mizani ya jikoni kila wiki, uzito ukiacha kushuka ndo vimekauka. Watu wengi wanaruka hii hatua, kibao kinapendeza siku ya kwanza baada ya mwezi kimejipinda. Vikikauka randa na piga msasa mpaka milimita 3, ukiwa na mkono mzuri shuka hadi 2.5. Vibandike viwili pamoja kwa tepu ya gundi pande mbili uvichonge na kuvitoboa kwa wakati mmoja, hapo vitalingana bila kubishana. Na vaa barakoa tafadhali, vumbi la mpingo linawasha ngozi na linaumiza kifua, mafundi wengi wanakohoa miaka bila kujua sababu.

Umbo usilichore moja kwa moja kwenye mti. Kata kwanza kwenye kadibodi, choma pini ya kubandikia karatasi mahali pa pini ya mbele, fungua na funga wembe juu yake uone ncha inafika wapi na makali yanalala wapi. Makali yakae ndani kabisa, yasichungulie chini wala kufika kwenye kabari.

Tatizo lako la kugusa ubao karibu lote liko kwenye kabari. Iangalie hivi: mbele vibao vimetanuliwa na mkia wa wembe ambao ni mnene, nyuma vinakutana kwenye kabari ambayo ni nyembamba kuliko mkia, kwa hiyo vibao vinakwenda vikikaribiana. Wembe ukifungwa, mgongo wake unaingia kwenye huo mwanya unaobana polepole mpaka unasimama wenyewe, makali yako hewani hayajagusa kitu. Kabari ikiwa nene kupita kiasi hakuna cha kuusimamisha, unapitiliza na makali yanatokea upande wa pili, hapo ndo watu wanajikata vidole. Ikiwa nyembamba mno wembe haufungi wote. Nyingi zinaangukia kati ya milimita 2 na 3 na yenyewe inachongwa mshazari, upande unaoangalia wembe mnene kidogo kuliko upande wa nje, ili vibao vilale juu yake bila kuacha ufa. Ukilala upande mmoja kama wako, ama kabari imechongwa pembeni, ama tundu la mbele halikutobolewa wima. Anza na kabari, punguza upande mmoja kidogo kwa msasa juu ya kioo, funga kwa muda na skrubu ndogo na nati badala ya pini, jaribu, fungua, punguza tena. Usigonge pini mpaka umeridhika kabisa. Kazi hii ya kabari inaweza kukuchukua muda kuliko vibao vyenyewe na ni sawa tu, hapa ndo wembe unapokuwa mzuri au unakuwa pambo.

Pini tumia shaba ya njano. Ukikosa nenda maduka ya vifaa vya welding uulize fimbo nyembamba za shaba za kuchomelea, za milimita 1.6, zinatosha sana. Weka washa ndogo nje, acha pini itokeze kama milimita moja kila upande, weka juu ya chuma kizito na gonga kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha duara, vipigo vyepesi vingi, ukigeuza upande huu na ule. Ukipiga kwa hasira mpingo unapasuka kwenye tundu. Na kama unabandika kabari kwa Araldite, futa mpingo kwa asetoni kwanza, una mafuta yake ya asili gundi haishiki vizuri.

Niaje fundi. Niko Nairobi, napata pembe za ng'ombe bure hapo Dagoretti kwa machinjio. Nimekata vipande viwili vikatoka poa lakini baada ya wiki mbili vimejikunja kama samosa. Na ile harufu majirani wamelalamika. Nifanyeje ama niachane na pembe?

Poa sana ndugu, usiachane nayo! Pembe ndo ilikuwa mpini wa kawaida kabisa Sheffield karne ya 19, na mimi binafsi naipenda kuliko kitu kingine chochote kwa kazi hii, haichoki mkononi na ukiiangalia juani ina mawingu ndani yake. Huku kwetu inatupwa jalalani na inaniuma.

Tuanze na harufu. Pembe ni gamba la nje lililovaa mfupa, kinachonuka ni ule mfupa na nyama iliyobaki katikati. Loweka pembe nzima kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na nyumba, badilisha maji, mpaka mfupa ulegee uchomoke ukigonga. Ukiwa na haraka chemsha, ila nje. Ukishatoa mfupa osha kwa sabuni ya unga anika kivulini. Harufu ya kupiga msasa haikwepeki kwa sababu pembe ni keratini, kitu kilekile cha kucha na nywele, ukiisugua mpaka ipate moto inanuka nywele zilizoungua. Piga msasa wa maji, harufu na vumbi vinapungua vyote.

Kujikunja sasa. Pembe imekua ikiwa duara na inataka kurudi duara, huwezi kukata kibao kutoka ukuta wa pembe ukategemea kitakaa. Lazima uinyooshe kwa moto. Kata kipande kikubwa kuliko unachohitaji, kinene bado milimita 5 au 6, kiloweke usiku kucha, kichemshe kama nusu saa mpaka kilainike, halafu haraka kiweke kati ya vyuma viwili bapa ubane na klampu au jiliwa. Pembe nene inaweza kugoma kwa maji, hapo mafundi wanatumia mafuta ya moto, kama nyuzi 140 hivi, dakika chache tu, na hapo uwe na miwani na glovu na kipande kiwe kimekauka maana maji kwenye mafuta ya moto yanaruka. Ukizidisha moto pembe inapata malengelenge meupe na inakuwa ya kuvunjika, hiyo imekufa. Usifungue klampu mpaka kila kitu kimepoa, mimi huacha mpaka kesho yake.

Halafu, na hili ndo lililokukosesha, usichonge siku hiyo. Kiache kibao kipumzike wiki kadhaa mahali pakavu, kitajikunja tena kidogo, kibane tena, ndo uanze kupunguza, na upunguze pande zote mbili sawasawa. Ukipunguza upande mmoja tu kinajivuta. Kama kimebaki na mkunjo mdogo kabisa, upande uliobonyea uangalie ndani, kibao kijitanue kwenda nje mbali na makali.

Kwa mpini mmoja tafuta pembe zote mbili za ng'ombe mmoja, rangi zitaongea lugha moja. Ukipata za ng'ombe wa Ankole kutoka Uganda ndo raha, ni kubwa na ukuta wake mpana unapata kibao kirefu bila shida. Ncha ya pembe ni ngumu tupu haina uwazi, hiyo usitupe, kabari nzuri inatoka hapo.

Mwisho msasa 220, 400, 800, mpaka 2000, kisha Brasso na kitambaa cha pamba. Mwaka mara mbili tatu futa na mafuta kidogo maana pembe ikikauka sana inapasuka, na kuna wadudu wadogo wanaokula pembe kwa hiyo usiufungie kabatini miaka.

Assalam aleikum. Niko Muscat, marehemu babu yangu alitoka Unguja na wembe wenye mpini mweupe uliogeuka rangi ya siagi. Nyumbani wanasema ni pembe ya ndovu. Umepasuka, nataka kutengenezewa mwingine kama huo. Nitajuaje kama ni ndovu kweli?

Waaleikum salaam ndugu yangu, na Mungu amrehemu babu. Chukua lenzi ya kukuza, angalia ncha ya kibao, pale kilipokatwa kwa upana. Pembe ya ndovu ina mistari miembamba inayokatana kama wavu, na ubavuni mistari inakwenda sambamba na urefu. Mfupa hauna huo wavu, una vitundu na vistari vidogo vyeusi, ndo njia za damu. Ukikuta mistari imenyooka sana na inalingana kama imechorwa kwa rula, hiyo ni seluloidi ya kuigiza, isugue kwa kidole kwa nguvu utasikia harufu ya kafuri. Sindano ya moto ambayo watu wanashauri usijaribu, nimeshasema hapo juu kuhusu moto.

Ikiwa ni ndovu kweli, itunze kama ilivyo ila usipande nayo ndege kabla ya kuuliza mamlaka za huko na unakokwenda. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilifungwa na CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uamuzi ulipitishwa 1989, mwaka ambao Kenya ilichoma tani 12 hadharani. Mpya usitafute, na mimi sitakuelekeza kwa fundi wa namna hiyo. Gamba la ng'amba pia hapana, kasa huyu yuko hatarini kweli, wala jino la ngiri au kiboko ukiokota porini, kwa Tanzania hiyo ni nyara chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009 na Kenya wana ya kwao ya 2013, kuwa nayo tu bila kibali ni kesi.

Ukitaka weupe ule ule, mfupa wa ngamia huko ulipo unapatikana na ni mnene, unatoa kibao kirefu kilichonyooka. Pata wa mguu, uupike kwa moto mdogo usichemke kwa fujo, toa mafuta kwa kuuloweka wiki kadhaa kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo ukibadilisha, maana mafuta yakibaki unageuka njano na kunuka. Kuung'arisha weka haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Klorini usiguse, inakula mfupa ndani kwa ndani unakuwa unga. Na vumbi la mfupa ni la barakoa, hakuna mjadala.

Mkuu mimi ni kinyozi Mwanza. Nataka wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe kwa ajili ya saluni, wateja waone kitu cha tofauti. Unashauri mti gani au pembe gani?

Kwa wateja, nakushauri usifanye kabisa, na naomba unielewe. Wembe mmoja ukipita kwa watu wengi ni njia ya homa ya ini na VVU, na ili uusafishe kweli lazima vyombo vivumilie joto kali au dawa kali, pembe na mti havivumilii, vinanyonya na vina mwanya kwenye pini ambako damu inakaa usiione. Saluni tumia mshikio wa chuma unaobadilisha kiwembe kila mteja, kipya mbele ya macho yake. Wembe wa mpini wa pembe uwe wako wa nyumbani, uso wako tu.

Hodi hodi. Nipo Pemba, huku minazi tele. Mti wa mnazi unafaa? Na nikipaka mafuta ya nazi utang'aa?

Karibu. Unafaa lakini chagua mnazi mzee na sehemu ya chini ya gogo, karibu na ganda. Katikati ya mnazi ni laini mno, kibao chembamba kitavunjika. Ile ya nje ina nyuzi nyeusi ngumu zinapendeza sana ila zinachomoka ukipiga randa, kwa hiyo tumia msasa, na kila baada ya hatua pitisha supa glu nyembamba inywe, ikauke, upige tena. Inabana nyuzi zote pamoja na maji hayaingii.

Mafuta ya nazi hayakauki, yanabaki yanateleza na wembe uliolowa sabuni ukiteleza mkononi ni hatari. Tumia mafuta ya kitani (linseed), tabaka jembamba, siku nzima, tabaka jingine, mwisho nta ya nyuki. Na matambara uliyofutia mafuta ya kitani usiyakunje kwenye kona, yanaweza kujiwasha moto yenyewe, yatandaze nje yakauke.

Fundi salama? Niko Columbus, Ohio. Naomba unitafutie mtu anitumie mpingo mbichi kama kilo tano hivi kwa posta, nitalipa.

Salama kabisa. Mbichi kwa posta hapana kaka. Tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya mpingo iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mti ghafi kuvuka mpaka unahitaji kibali cha usafirishaji, na hata ndani ya Tanzania kuna vibali vya TFS, wakala wa misitu. Vitu vilivyokwisha kutengenezwa vimepewa nafuu, mzigo usiozidi kilo 10 za mti huo. Kwa hiyo ukitaka, agiza vibao vilivyomalizika kabisa kutoka kwa fundi mwenye risiti ya alikonunua, na hata hivyo uliza kwanza forodha ya huko. Mti huu unachukua zaidi ya miaka 70 kufikia wa kuvunwa, tusiupeleke kwa magendo. Wachongaji wa Mwenge pale Dar wanabaki na vipande vidogo ambavyo kwa kinyago havitoshi ila kwa wembe vinatosha na kubaki, ukija likizo pita hapo.

Swali dogo tu fundi, pini ya mbele ikaze kiasi gani?

Fungua wembe nusu, uushike kwa mpini, utikise kidogo. Ukianguka wenyewe umelegea, gonga pini mara mbili tatu upande mmoja, jaribu, kisha upande wa pili. Ukihitaji kutumia nguvu ya vidole viwili kuufungua umekaza mno, na hapo dawa ni ndogo: tone la mafuta ya mashine kwenye pini, ufungue na kufunga taratibu mara nyingi mpaka ulainike. Ukigoma bado, toa pini uanze na mpya, usiushindilie patasi katikati.